Kimono Kina Kosa Gani?

Katika toleo lililopita la jarida letu, mwenzetu mmoja aliandika makala kali kuhusu ushairi. Sitamtaja jina, maana tunakaa kijiwe kimoja na tutakunywa chai pamoja kabla wino huu haujakauka. Alisema kijana anayetunga shairi la vina na mizani siku hizi ni sawa na mtu aliyevaa kimono ndani ya daladala: kumtazama ni raha, lakini safari haimfai. Watu walicheka sana pale kijiweni. Hata mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikanikauka, kwa sababu kimono ninacho.

Sitetei vina leo. Ugomvi huo ulianza kabla hatujazaliwa, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wazee walikuwa wameshakunja mikono ya mashati. Mimi nina neno na ule mfano tu. Mwenzetu alidhani kimono ni vazi lililokufa likakaushwa, linalotolewa sandukuni ili watalii wapige picha. Laiti angechungulia kidogo angeona kwamba kimono, na hasa kile cha shughuli rasmi, kimekuwa uwanja wa ugomvi wa rangi kwa zaidi ya miaka mia moja. Na ugomvi huo unatuhusu sana sisi tunaotamani kuandika jambo jipya huku hatujui tuliweke wapi.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno lenyewe. Kwa Kijapani kimono maana yake ni kitu cha kuvaa: ki inatokana na kuvaa, na mono ni kitu. Sikio la Mswahili likisikia ki- linataka vi-, nami sitapigana na sikio. Kimoja kimono, viwili vimono. Wajapani watatusamehe.

Changu nilikipata Mchikichini, kwenye mitumba, ndani ya lundo la nguo za kulalia. Muuzaji alikiita gauni la Kichina. Ni cheusi tii, hariri nzito, na chini karibu na pindo kuna korongo weupe wanaoruka juu ya mawimbi ya dhahabu. Kuanzia kiunoni kwenda juu hakuna ua hata moja. Mgongoni, kifuani na mikononi kuna alama ndogo tano nyeupe za duara. Nilidhani ni chapa ya kiwanda. Nikampelekea mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, anikatie gauni la kuvaa kwenye sendofu ya rafiki yangu. Alikitandaza mezani, akakigeuza nje ndani, akafumua mshono wa mkono mmoja kama inchi nne. Kisha akaweka mkasi chini.

“Mwanangu,” akasema, “hii nguo haikukatwa. Hii imekunjwa.”

Hapo ndipo uhakiki wangu ulipoanzia, maana mama mdogo aliona kwa vidole jambo ambalo baadaye nilikuja kulisoma vitabuni. Kimono hutoka katika jora moja la kitambaa chembamba, upana kama sentimita 37 na urefu wa mita 12 hivi. Jora hilo hukatwa vipande 8 vya mstatili, basi. Hakuna kuchonga kwapa wala kubana kiuno. Palipo na mviringo, kitambaa hukunjiwa ndani. Mwanamke akiwa mfupi, urefu uliozidi huupandisha na kuukunja chini ya mkanda. Zamani kilipotaka kufuliwa vizuri kilifumuliwa chote, vipande vikaunganishwa vikawa jora tena, vikafuliwa, vikanyooshwa, kisha vikashonwa upya. Kwa lugha ya darasani tungesema muundo wake haubadiliki.

Sasa fikiri kama msanii. Mshonaji wa Ulaya akitaka kuleta upya hushika mkasi: anafupisha, anabana, anaacha mgongo wazi. Mshonaji wa kimono mlango huo kafungiwa. Pamebaki nini pa kusemea? Pamebaki rangi, mchoro, na mpangilio wa nguo juu ya nguo: ukosi wa ndani unaochungulia shingoni, mkanda mpana uitwao obi wenye urefu wa zaidi ya mita 4, kamba inayoufunga kwa juu, na kitambaa laini kinachochomoza juu ya mkanda. Hizo ndizo kalamu zake.

Na kalamu hizo zina sarufi. Kimono changu, nilikuja kujua, kinaitwa kurotomesode. Ni vazi la juu kabisa la mwanamke aliyeolewa, na katika harusi huvaliwa na mama wa bibi harusi, mama wa bwana harusi na ndugu zao wa karibu. Yaani nilitaka kwenda kwenye sendofu ya rafiki yangu nikiwa nimevaa kama mkwe wake! Zile alama tano ni nembo za ukoo. Tano ni heshima kubwa, tatu inapungua, moja inapungua zaidi. Msichana ambaye hajaolewa huvaa furisode, yenye mikono inayoning'inia zaidi ya mita moja na rangi za kutosha kuwasha kijiji. Kuna homongi, la kwenda ugenini, ambalo mchoro wake huvuka mishono na kuwa picha moja. Kuna iromuji, la rangi moja tupu. Na kuna mofuku, la msibani, jeusi lote lenye nembo tano na bila mchoro wowote. Angalia hapo: weusi ni ule ule. Weka korongo pindoni, ni harusi. Waondoe, ni msiba. Hata upande wa kufungia una maana yake, kushoto hulala juu ya kulia, na anayegeuziwa kulia juu ya kushoto ni maiti.

Mwenzetu ataruka hapa na kusema: si nimewaambia? Sheria tupu!

Polepole, bwana. Hizo sheria tunazoziona za kale, nyingi ni changa. Kwa karne nyingi Wajapani waliomboleza kwa nguo nyeupe. Weusi uliingia misibani katika enzi ya Meiji (1868–1912), serikali ilipokuwa ikiiga adabu za Ulaya. Homongi ni jina la mwanzoni mwa karne ya 20, wakati maduka makubwa ya mijini yalipoanza kuwauzia wanawake nguo ya kutokea ugenini. Na shule za kufundisha kuvaa kimono zilishamiri miaka ya 1960, baada ya vita, kwa kuwa mama wengi walikuwa wameshaacha kuwafundisha binti zao nyumbani. Kitu ambacho bibi alikifanya kwa mazoea, mjukuu akakilipia ada na kupewa cheti. Kwa hiyo mtu akiniambia hii ndiyo mila, mimi namuuliza: tangu lini?

Rangi nazo zina historia ya ukorofi. Katika enzi ya Edo (1603–1868) watawala walitoa amri mara kwa mara kuwazuia wafanyabiashara na watu wa kawaida wasivae nguo za anasa. Watu wa mjini wakatii kwa namna yao. Wakavaa kahawia na kijivu, lakini wakazivumbua kahawia na kijivu nyingi hadi ukazuka msemo kwamba zipo kahawia 48 na kijivu 100. Anasa wakaificha kwenye bitana, ndani, pale ambapo askari haoni ila mwandani wako anaona. Na kabla ya hao, mwanzoni mwa karne ya 17, kulikuwa na vijana wa mitaani walioitwa kabukimono. Walivaa rangi za fujo, wengine nguo za kike, na watawala waliwaandama. Jina lao na la mchezo wa kuigiza wa kabuki shina lake ni moja. Nayataja haya mapema ili mbele tusije tukadhani vijana wa leo ndio wa kwanza kuwaudhi wazee kwa nguo.

Halafu ikaja kemia. Mwaka 1856 huko London kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Akashindwa, na katika masalio ya jaribio lake akapata rangi ya zambarau. Ugonjwa wetu sisi ulichangia kubadilisha nguo za dunia nzima! Rangi za viwandani zikafika Japani wakati wa Meiji. Miaka ya 1920 na 1930 wasichana wa shule na wafanyakazi wa mijini walivaa hariri ya bei nafuu iitwayo meisen, nyekundu ikigongana na kijani, michoro mikubwa ya kingo zenye ukungu. Meisen haikuwa nguo rasmi hata kidogo. Lakini jicho likishazoea rangi kali mtaani, siku ya harusi halirudi kuwa pofu.

Nimefika penye kiini. Upya gani unafanikiwa katika vazi rasmi, na upya gani unapiga kelele tu?

Chukua kazi za Moriguchi Kunihiko (Wajapani hutanguliza jina la ukoo). Alizaliwa Kyoto mwaka 1941. Baba yake, Moriguchi Kako, alikuwa bingwa wa yuzen, ufundi uliopewa jina la Miyazaki Yuzen, mchoraji wa vipepeo vya mkono wa karne ya 17. Fundi wa yuzen huchora mistari kwa maji ya ua la buluu yanayofutika baadaye, kisha juu ya mistari hupitisha uzi mwembamba wa uji wa mchele. Uji huo huzuia rangi zisiingiliane, kama nta inavyofanya kwenye batiki zetu. Kila chumba hupakwa rangi yake kwa brashi, kitambaa hupikwa kwa mvuke, kisha huoshwa. Mwaka 1967 baba alitunukiwa cheo ambacho watu hukiita hazina hai ya taifa.

Hebu jifikirie wewe ndiye mtoto wa mtu huyo. Utachora nini? Kunihiko alikimbia. Mwaka 1963 alikwenda Paris kusomea usanifu wa michoro, akajifunza mistari, miraba na hila za macho zilizokuwa zikivuma kwa wachoraji wa wakati ule. Angeweza kubaki huko. Mchoraji Balthus, aliyekuwa rafiki yake, alimhimiza arudi kwao. Mwaka 1966 akarudi kwenye karakana ya baba.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka waandishi chipukizi wakitazame. Baba alichora maua na ndege. Mtoto akaweka pembetatu, miraba na mistari iliyopindishwa. Uji ulikuwa ule ule wa mchele, brashi zile zile, jora lile lile, vipande vile vile. Katika baadhi ya vimono vyake umbo moja dogo hujirudia mamia ya mara, likikua taratibu na kubadilika rangi kidogo kidogo, kutoka nyeupe kuingia kijivu, kutoka kijivu kuingia nyeusi. Kikitundikwa ukutani unaona hesabu. Kikivaliwa, ile hesabu inazunguka mwili, inapinda begani, inajificha chini ya mkanda na kutokea upande wa pili. Aligundua kwamba mstari ulionyooka ukiuweka juu ya mtu haubaki umenyooka. Mwaka 2007 naye akapewa cheo kile kile cha baba, na mwaka 2014 duka kubwa la Mitsukoshi likaweka mchoro wake kwenye mifuko ya kubebea bidhaa, ukawa unatembea barabarani mikononi mwa kila mtu.

Nakiri sivipendi vyote. Vingine naviona vina baridi. Vimetimia mno, hata unaweza kusahau kwamba vinamngoja mtu avivae. Shutuma hiyo sikuibuni mimi. Nilijifunza kuisema kutoka katika riwaya.

Riwaya yenyewe ni Koto ya Kawabata Yasunari, iliyotoka kama kitabu mwaka 1962. Jina lake ni kama kusema mji mkuu wa kale, yaani Kyoto. Ni mojawapo ya vitabu vitatu vilivyotajwa Kawabata alipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1968. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, kamusi pajani. Ndani yake kuna mzee Takichiro, muuzaji wa jumla wa vitambaa vya kimono, ambaye biashara yake inadorora na kipaji chake cha kuchora hakijawahi kumtosheleza. Binti yake wa kulea, Chieko, anampa vitabu vya picha za wachoraji wa Ulaya, akiwamo Paul Klee. Mzee anajifungia kwenye hekalu moja dogo la masista wa Kibudha na kuchora obi ya binti yake kwa moto ule wa Klee. Anaipeleka kwa mfumaji. Kijana wa mfumaji, Hideo, anautazama mchoro kwa muda mrefu, kisha anasema kitu ambacho nakieleza kwa maneno yangu: mchoro unavutia, lakini hauna joto wala upatanifu, una kitu cha ugonjwa ndani yake. Mzee anakasirika hadi kumpiga.

Wahakiki wengi wangeisoma sura hiyo kama mapambano ya kale na usasa, Japani na Ulaya. Mimi nakataa. Ingekuwa hivyo, mzee ndiye angekuwa mlinzi wa mila na kijana mleta mapya. Kawabata amewapindua: mzee ndiye kamkimbilia Klee, kijana ndiye anasema hapana. Na kijana hakusema hapana kwa kuwa Klee ni mgeni. Alisema hapana kwa kuwa aliona mtu amechukua rangi za mwenzake kabla hajazipitisha moyoni mwake. Baadaye Hideo anaifuma ile obi kwa mikono yake, na ikishafumwa inapendeza. Joto lililokosekana kwenye karatasi lilipatikana kwenye kazi, uzi baada ya uzi.

Sasa niseme la kwangu, maana mhakiki anayewavua wenzake nguo naye avue koti. Nina mswada wa riwaya wa kurasa 212. Nilitaka uwe wa kisasa kupita zote. Hauna sura, wakati unarudi nyuma na kwenda mbele, wahusika wawili ni mtu mmoja, na kuna kurasa tatu zisizo na nukta. Nilimpa mwenzetu huyu huyu wa mfano wa daladala ausome. Alikaa nao wiki mbili. Akaurudisha, akaniambia, “Dada, rangi nimeziona. Mtu sijamwona.”

Sikumpiga, maana yeye ni mkubwa kuliko mimi. Lakini kwa wiki kadhaa nilikuwa napita njia nyingine nisikatize kijiweni. Nilipofika pale Takichiro anapompiga Hideo, nilifunga kitabu na kukaa kimya, maana nilijua mkono ule ni wangu.

Kwa hiyo ninapofika Kitakyushu nafika nikiwa nimenyenyekea kidogo. Huo ni mji wa kusini, katika kisiwa cha Kyushu. Kila Jumatatu ya pili ya Januari Wajapani huadhimisha siku ya kuingia utu uzima. Umri wa kisheria ulishushwa hadi miaka 18 mwaka 2022, lakini miji mingi imeendelea kuwaalika wa miaka 20. Kote nchini utaona wasichana wa furisode na manyoya meupe shingoni. Kitakyushu wao wamepitiliza. Wavulana huvaa dhahabu kuanzia ukosini hadi kwenye hakama, ile suruali pana ya heshima. Wasichana hushusha ukosi mabega yakabaki wazi, kama malaya wa kifahari wa enzi ya Edo katika picha za kale. Nywele zimejengwa kama ghorofa, na zambarau imesimama juu ya waridi juu ya fedha. Wazee wengi wamenuna. Mimi pia, nilipoona picha mara ya kwanza, nilisema: huu ni ule mswada wangu!

Nilipotazama mara ya pili nikasitasita. Wale vijana wameacha vingi, lakini jora hawakuliacha. Mikono ni ile mirefu, obi ipo, nembo nyingine zimekuzwa hadi zikawa kama sahani. Ni kabukimono waliorudi. Na vazi hilo kwao si mchezo. Januari 2018 kampuni moja ya kukodisha ilifunga milango ghafla siku yenyewe, na mamia ya wasichana wakabaki asubuhi hawana cha kuvaa. Wengi walilia. Mtu halilii nguo iliyokufa.

Hata hivyo mhakiki lazima atoe hukumu, nami natoa yangu. Furisode ya Kitakyushu ni hodari katika kusema neno moja: nitazameni. Neno hilo lina haki yake ukiwa na miaka 20. Udhaifu wake ni kwamba vazi rasmi huulizwa zaidi ya hapo. Huulizwa umekuja kwa nani, msimu gani, kumheshimu nani. Kimono changu cheusi hunyamaza juu yote ili mama akiketi karibu na bibi harusi asimfunike, halafu akisimama na kutembea, korongo wanaruka miguuni. Sherehe yote imewekwa chini, kwenye mwendo. Hata ndani ya pindo na shingo kimeshonewa kitambaa cheupe ili aonekane amevaa viwili, baraka juu ya baraka. Dhahabu ikijaa mwili mzima haina tena pa kurukia.

Kuna jaribio jingine linalotugusa. Serge Mouangue, mbunifu mzaliwa wa Kameruni aliyeishi Tokyo, alianzisha mwaka 2008 kazi aliyoiita Wafrica, akashona vimono kwa vitambaa vya Afrika. Namsifu kwa jambo moja kubwa: mshono na mkanda aliviheshimu, akaacha kitambaa ndicho kiseme kwa lafudhi yake. Tatizo ni la sarufi. Kwa kanuni za kimono mchoro unaojirudia nguo nzima ni wa matembezi, hata ukiwa ghali namna gani. Mchoro wa shughuli hupangiwa mahali pake mwilini. Kitenge hujirudia. Kwa hiyo kazi yake naisoma kama mazungumzo mazuri ya barabarani kati ya mabara mawili, ambayo bado hayajaingia sebuleni.

Na hilo la mazungumzo lisitushangaze, kwani sisi na Wajapani tumeshavishana. Katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu. Bibi yangu anayo moja iliyoandikwa pembeni kwamba imetengenezwa huko. Aliyeichora hakumjua bibi. Lakini alijua kwamba kanga ni pindo, mji na jina, na bila hivyo hakuna mwanamke wa Dar es Salaam atakayeitia mkononi. Ndani ya mipaka hiyo alipewa uhuru wa rangi wote. Mwenzetu anayevikejeli vimono asubuhi, jioni mama yake anamfungulia mlango amejifunga umbo lisilobadilika hilo hilo, na jina la kanga ni jipya la wiki hii.

La mwisho ni la rangi yenyewe. Shimura Fukumi, mfumaji aliyezaliwa mwaka 1924 na kutambuliwa hazina hai mwaka 1990, hutia nyuzi zake rangi za mimea. Nguo za aina anayofuma yeye, kwa kanuni, hata si za sherehe kubwa. Lakini mshairi Ooka Makoto aliandika insha, ambayo watoto wengi wa Japani wameisoma shuleni, kuhusu siku alipomtembelea na kuona kitambaa cha waridi pevu. Aliuliza kilitokana na nini, akaambiwa mcheri. Akadhani ni petali za maua. Kumbe hapana: rangi ile hutoka kwenye gamba jeusi gumu la mti, tena kabla tu mcheri haujachanua. Mti mzima, mizizi, shina na utomvu, unakuwa umeshajaa waridi ndani, na petali ni ncha yake tu inayoonekana. Ooka akaona kwamba maneno nayo ni hivyo hivyo: kila neno ni petali, na nyuma yake yuko mtu mzima.

Ndipo nikaelewa mswada wangu. Nilichuma petali za wenzangu, nikazibandika kwenye mti usiokuwapo. Kurasa tatu zisizo na nukta si dhambi. Dhambi ni kwamba hakukuwa na mtu anayekosa pumzi. Nimeanza upya. Sasa una sura, za kawaida kabisa, na kuna mwanamke mmoja ndani yake ambaye nadhani ninamfahamu. Pindo nitalipaka rangi mwishoni.

Mama mdogo alizishona zile inchi nne kwa mkono, sindano nyembamba, akanirudishia kimono bila kunidai. Kwenye sendofu nilivaa gauni la kuazima. Mwenzetu namkaribisha nyumbani aje akione, chai ipo. Akitaka kukijaribu nitamfunga mwenyewe, kushoto juu ya kulia, asije akafanana na maiti. Na akithubutu kupanda nacho daladala, nauli nalipa mimi.